Huangshan si mlima wa manjano

Kila picha ya Huangshan, milima ya China, inapozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, maelezo yanayoandamana nayo huwa na makosa yaleyale. Kuna anayeapa kwamba imetengenezwa kwa kompyuta. Kuna anayeichanganya na nguzo za mawe za Zhangjiajie, ambazo ziko mkoa mwingine kabisa, Hunan, na ni mawe ya mchanga. Huangshan ni graniti, na iko kusini mwa mkoa wa Anhui. Naipenda sana milima hii, na ningependa watu waijue ilivyo.

Tuanze na jina. Ni kweli "huang" ni manjano na "shan" ni mlima, lakini ukifika huoni cha manjano: majabali ni ya kijivu, misonobari kijani iliyokolea, mawingu meupe. Zamani mlima uliitwa Yishan, jina lenye maana ya weusi, kwa sababu ya miamba yake. Mwaka 747 Mfalme Xuanzong wa enzi ya Tang aliamuru uitwe Huangshan kwa heshima ya Huangdi, Mfalme wa Manjano, ambaye masimulizi yanasema alikwenda huko kutengeneza dawa ya kuishi milele. Manjano ni ya mfalme huyo.

Dhana nyingine ni kwamba wachoraji wa Kichina hutia chumvi: ule msonobari uliochomoza ubavuni mwa jabali tupu, matawi yote yameelekea upande mmoja, kichwa kimebapa kama sinia, hauwezi kuwapo. Upo. Hongren, Shitao na Mei Qing, waliochora mlima huu karne ya 17, walichora walichokiona. Sogea karibu na mti mmoja uangalie unavyoshika mwamba: hakuna udongo wa kujaza hata kiganja. Mizizi hutoa asidi inayolainisha jiwe kidogo kidogo, hupenya kwenye nyufa ikifuata unyevu, na mara nyingi huwa mirefu kuliko shina lenyewe. Majani yake ni mafupi na manene ili yasipoteze maji. Kichwa kimebapa kwa sababu ya upepo na theluji.

Uvumi usioisha ni huu: eti Msonobari wa Kukaribisha Wageni, ule mashuhuri kuliko yote, ulikufa zamani na uliopo ni wa plastiki. Si kweli. Unaishi, kwenye kimo cha meta 1,670 hivi, na tangu miaka ya 1980 una mlinzi wake maalumu anayeukagua mchana na usiku na kuandika daftarini hali ya matawi, majani na upepo. Theluji ikianguka, huwahi kuipunguza kabla haijavunja tawi. Nadhani chanzo cha uvumi ni mti mwingine, mdogo, uliokuwa kwenye ncha ya mwamba wenye umbo la kalamu ya brashi. Huo kweli ulikufa, na kwa miaka kadhaa palisimamishwa wa plastiki, hadi ulipopandwa msonobari hai mahali pake. Watu wakachukua kisa cha mti mmoja wakakivisha mwingine.

Halafu kuna wanaoogopa urefu, wakidhani ni mlima wa wapanda milima wenye kamba na mitungi ya hewa. Kilele kirefu kuliko vyote, Lianhua, kina meta 1,864. Mtu wa Nairobi amezoea hewa inayokaribiana na hiyo akiwa sebuleni kwake. Kinachochosha ni ngazi: maelfu kwa maelfu ya ngazi za mawe, nyingine nyembamba kiasi kwamba unapanda kwa ubavu. Na hata wenyeji walikuwa na dhana yao kuhusu urefu. Kwa muda mrefu Tiandu ndiyo iliyohesabiwa kuwa juu ya vyote, kwa jinsi ilivyochongoka. Msafiri Xu Xiake alirudi Huangshan mwaka 1618, akapanda vilele vyote viwili, na akiwa Lianhua akaandika kwamba hata Tiandu imeinamisha kichwa. Vipimo vya leo vinaipa Tiandu meta 1,810. Jicho lake halikumdanganya.

"Bahari iko wapi?" Mtu wa pwani lazima aulize, maana ramani ya mlima imejaa bahari: Beihai, bahari ya kaskazini, Xihai, ya magharibi, na nyinginezo. Ni bahari za mawingu. Kwa hiyo anayeahirisha safari kwa sababu mvua imenyesha jana huenda anajinyima. Baada ya mvua au theluji, unyevu ukijaa mabondeni na hewa baridi ikatulia, mawingu hulala chini ya vilele, na wewe unasimama juu yake kama uko kisiwani. Majira ya baridi ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi ya kuyaona.

Lalamiko la bei linaniuma zaidi. Watu husema chupa ya maji au sahani ya wali huko juu ni wizi. Hoteli za kileleni hazifikiwi kwa barabara. Yapo magari ya nyaya, lakini bado utakutana na mpagazi kwenye ngazi, mzega begani, upande mmoja mchele na mboga, upande wa pili mashuka. Mkononi ana gongo. Akitembea hulipitisha juu ya bega la pili na kuuinua mzega kwa nyuma, mabega yagawane uzito. Akichoka hulisimamisha, huegesha mzega juu yake, na kupumua amesimama bila kutua mzigo. Akishuka hubeba taka zetu. Mpishe njia, na usimpige picha usoni bila kumwomba.

Mwisho, wengi hudhani Huangshan ni mandhari tu. UNESCO iliuandikisha mlima huu kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1990 kwa maumbile na kwa utamaduni pamoja, na mwaka 2000 ikaviandikisha peke yake vijiji viwili vya chini yake, Xidi na Hongcun. Nyumba zake zina kuta ndefu nyeupe na madirisha machache, na mgeni huziona kama gereza. Zilijengwa na wafanyabiashara waliokuwa safarini muda mwingi. Kuta ziliwazuia wezi, na zile kingo zilizopanda kama vichwa vya farasi zilizuia moto usiruke paa hadi paa. Mwanga huingia kwa juu, kwenye uwazi katikati ya nyumba.

Na mifereji ya Hongcun si pambo la watalii. Masimulizi ya ukoo wa Wang yanampa sifa mwanamke, Hu Chong, aliyesimamia uchimbaji mwanzoni mwa karne ya 15 mumewe akiwa mbali kikazi. Inasemekana alikataa bwawa la katikati lichimbwe duara kamili, kwa kuwa mwezi ukishatimia huanza kupungua. Ndiyo maana Bwawa la Mwezi ni nusu. Asubuhi bado unamkuta mama amechuchumaa mbele ya mlango wake, akisuuza mboga mferejini, na maji yanaendelea kuelekea bwawani.