Je, wajua kwa nini anayetokwa damu puani hapaswi kutazama juu?

Mtoto akianza kutokwa damu puani, kabla hajafutwa uso huwa ameshaamriwa na watu watatu: "Inua kichwa! Tazama juu! Lala chali!" Anatii, damu inaacha kuonekana, kila mtu anashusha pumzi, na ushauri huo unahesabiwa kuwa umefanya kazi. Wengi wetu tumelelewa nao na tukaurithisha bila kuuhoji. Lakini damu ile haikukata, imebadili njia tu.

Njia yenyewe ni hii. Matundu ya pua hayaishii ndani ya pua. Yanakwenda moja kwa moja nyuma, juu ya kaakaa, na kufungukia kooni. Ndiyo maana mtu akipaliwa na maji huku anacheka, maji humtokea puani. Mtu akiketi wima na kuinamia mbele kidogo, sehemu iliyo chini kabisa ya njia hiyo ni tundu la pua, kwa hiyo damu inatokea hapo. Akiinua kidevu mpaka akaona dari, sakafu ya pua inakuwa mteremko wa kwenda nyuma, na sehemu ya chini inakuwa koo. Mshipa uliopasuka haujaguswa na kitu chochote. Unavuja kwa kasi ileile, ila sasa unavujia mahali ambapo hakuna anayeona.

Madhara yake si madogo. Damu ikimezwa hulichafua tumbo, na ikiwa nyingi humfanya mtu atapike. Anapotapika, shinikizo la damu kichwani hupanda ghafla, na donge lililoanza kuziba mshipa hung'oka. Hapo damu huanza upya, pengine kwa nguvu zaidi. Kwa mtu aliyelewa, mwenye usingizi wa dawa au aliyezimia kidogo, damu inayoshuka kooni inaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na hiyo ni hatari ya kweli. Hata pale ambapo hakuna baya lililotokea, familia hupoteza kipimo muhimu, yaani kujua kama damu inapungua au inaongezeka. Siku moja au mbili baadaye mgonjwa aweza kupata choo cheusi kama lami, watu wakadhani ana kidonda cha tumbo, kumbe ni ile damu aliyoimeza. Choo hicho kikiendelea, au kikija bila historia ya damu puani, ni suala la daktari.

Kuna chembe ya ukweli ndani ya kosa hili, na ni haki kuitaja. Kichwa kikiwa juu zaidi ya moyo, shinikizo kwenye mishipa ya pua hupungua kidogo. Lakini faida hiyo hupatikana kwa kuketi wima tu. Kukunja shingo nyuma hakuongezi chochote, na kulala chali kunaiondoa kabisa.

Damu hutoka wapi hasa?

Takriban mara 9 kati ya 10, damu ya puani hutoka mbele kabisa, kwenye ukuta unaotenganisha matundu mawili, umbali ambao ncha ya kidole inafika bila shida. Mwaka 1879 daktari mpasuaji wa Marekani, James Lawrence Little, alilieleza eneo hilo, na mwaka 1884 Mjerumani Wilhelm Kiesselbach naye akalieleza. Mpaka leo madaktari hulitaja kwa jina la mmoja au la mwingine.

Upekee wake ni kwamba mishipa kutoka pande tofauti za uso na fuvu hukutana hapo na kusukana kama ukili. Pua ina kazi ya kuipasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijafika mapafuni, kwa hiyo inahitaji damu nyingi karibu sana na uso wa ngozi yake ya ndani. Ngozi hiyo ni utando mwembamba uliolala juu ya gegedu, ile tishu ngumu kiasi lakini inayopinda, bila mafuta wala msuli wa kuukinga. Hewa kavu, mafua, kupenga kamasi kwa nguvu au ukucha wa mtoto vinatosha kuuchana.

Habari njema ni kwamba mahali panapovuja kirahisi hivi ndipo pia panapobanika kirahisi. Weka kidole katikati ya macho, kisha kishushe taratibu juu ya mgongo wa pua. Mwanzoni unagusa mfupa mgumu. Karibu na nusu ya njia mfupa unakwisha na pua inaanza kubonyea. Chini ya hapo ni gegedu na mbawa laini za pua. Ukizibana mbawa hizo kwa kidole gumba na cha shahada, zinaugandamiza ule ukuta wa kati kutoka pande zote mbili, yaani unaukandamiza mshipa wenyewe. Ukibana juu, kwenye mfupa, vidole vinachoka bure kwa sababu mfupa haubonyei. Kosa hili la pili ni la kawaida mno, na hulifanya hata watu wanaojua kwamba hawapaswi kutazama juu.

Kwa nini dakika 10, na kwa nini bila kuchungulia?

Fikiria mfereji uliobomoka ukingo. Ukitaka kuuziba kwa udongo huku maji yanapita kwa kasi, kila koleo unalotupa linachukuliwa na mkondo. Inabidi kwanza uyazuie maji. Halafu unapanga mawe, unasokotea nyasi na matawi ili yashikane, unakandika udongo, na unauacha ushike. Mwili hufanya karibu hivyohivyo.

Mshipa ukikatika, kwanza hujikunja wenyewe ndani ya sekunde chache ili upitishe damu kidogo. Kisha chembe sahani, vipande vidogo vinavyoelea ndani ya damu, hugusa nyuzi za ukuta wa mshipa zilizofunuliwa na mkato. Zinanata hapo, zinavimba, zinatoa kemikali za kuwaita wenzao, na rundo linakua. Hayo ndiyo mawe. Lakini mawe peke yake hayadumu. Protini za damu huamshana kwa zamu, moja ikiiamsha nyingine, mpaka zitengeneze nyuzi za faibrini zinazolifunga rundo lote kama wavu. Hizo ndizo nyasi na matawi. Hatua hii haiharakishwi kwa kuombewa: damu ya mtu mzima wa afya ikiwekwa kwenye kichupa cha kioo huchukua dakika kadhaa, mara nyingi 5 hadi 10, kabla haijaganda.

Kubana pua ndiko kuyazuia maji. Vidole haviponyi kitu, vinautuliza mkondo ili chembe sahani zishike na faibrini ifume. Sasa tazama kinachotokea mtu anapoachia kila baada ya dakika moja "aone kama imekata". Rundo bado ni laini, wavu haujakaza, na mkondo unarudi kwa nguvu zote juu ya udongo mbichi. Unang'oka. Saa inaanza kuhesabu upya kutoka sifuri. Mtu aweza kubana kwa vipande vipande nusu saa nzima na asiwahi kuipa damu dakika 5 mfululizo, kisha akaapa kwamba kubana hakusaidii.

Miongozo haifanani kabisa kuhusu muda. Ule wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2020 unasema dakika 5 au zaidi, na huduma ya afya ya Uingereza inasema 10 hadi 15. Yote miwili inakubaliana juu ya neno moja: mfululizo. Dakika 10 kwa saa ya mkononi au ya simu ni kipimo kizuri. Usikadirie kichwani, maana dakika 3 zenye damu huhisiwa kama 10.

Kwa hiyo mketishe mgonjwa wima, ainamie mbele kidogo, beseni au kitambaa kiwe chini ya kidevu. Abane mbawa zote mbili hata kama damu inatoka tundu moja, ahemee mdomoni, na ateme chochote kinachofika kooni badala ya kumeza. Mtoto mdogo hawezi kubana kwa nguvu ya kutosha. Mpakate, mgongo wake ukiegemea kifua chako, umbane wewe, na mpe kitu cha kutazama. Kilio chenyewe hupandisha shinikizo, hivyo kumtuliza ni sehemu ya matibabu. Kama unamsaidia mtu mwingine, vaa glavu ukiwa nazo, na nawa mikono baadaye.

Dakika 10 zikiisha, achia taratibu. Ikiendelea, bana tena dakika 10 nyingine. Mtu mzima mwenye dawa ya kupuliza ya kuzibua pua, kama oksimetazolini, aweza kupenga mara moja kwa upole ili madonge malegevu yatoke, apulize dawa hiyo, kisha abane tena. Inakunja mishipa. Mwenye shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa au maradhi ya moyo, na watoto wadogo, wasiitumie bila ushauri wa daktari.

Usisokomeze karatasi laini au pamba kavu puani. Inanyonya damu, damu inaganda ndani yake, na siku unayoivuta inatoka pamoja na kigaga.

Vipi kuhusu barafu? Hapa ushahidi ni mwembamba. Barafu kwenye paji la uso au kisogoni haijaonyeshwa kwa uhakika kuikatisha damu. Kunyonya kipande cha barafu kuna mantiki zaidi, kwani kaakaa ndilo sakafu ya pua. Si vibaya, mradi mkono wa kushika barafu usiwe ndio ule uliopaswa kubana. Shinikizo la damu nalo hulaumiwa haraka mno. Wenye shinikizo la juu hupata damu ya puani mara nyingi zaidi na hukata kwa taabu, lakini kama shinikizo ndilo linaloianzisha bado hakujathibitishwa vizuri, na hofu ya kuona damu yenyewe hupandisha kipimo. Hata tranexamiki, dawa ya kukatisha damu inayosaidia sana katika majeraha makubwa, ilipojaribiwa puani nchini Uingereza kwa wagonjwa 496, matokeo yakatoka mwaka 2021, haikuonyesha faida dhidi ya maji tu.

Kanuni ileile ya kutochungulia ndiyo inayotawala kidonda cha mkononi au mguuni: kitambaa safi, kandamiza palepale panapovuja, na usifunue kila dakika. Kikilowa, ushauri wa kawaida ni kuongeza kingine juu yake. Lakini kama damu inazidi kutiririka, huenda hukandamizi mahali penyewe. Hapo ni sawa kufunua mara moja, kutafuta pale inapobubujika, na kukandamiza hapo kwa nguvu zaidi. Kitu kilichochoma na kubaki ndani usikichomoe. Kandamiza pembeni yake.

Lini uende hospitali?

Kwanza tulia kuhusu kiasi. Kijiko kimoja cha chakula, mililita 15 hivi, hutosha kutia shati doa la kutisha. Mtoto wa kilo 20 ana takriban lita 1.5 za damu mwilini. Damu nyingi za puani ziko mbali sana na kiwango cha hatari.

Nenda, na uendelee kubana njiani, kama haijakata baada ya dakika 20 hadi 30 za kubana kwa usahihi, kama inamiminika kooni hata mtu akiinama, au kama anapauka, anapata kizunguzungu au moyo unamwenda mbio. Damu inayomiminika kooni kutoka pande zote mbili, hasa kwa mzee, huenda inatoka nyuma ya pua ambako vidole havifiki. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, kama wafarini, asingoje muda huo wote, na asiache dawa yake bila kuambiwa. Aspirini nayo huzilemaza chembe sahani kwa maisha yao yote, siku 7 hadi 10, hivyo dozi ya juzi bado inafanya kazi leo. Mtoto wa chini ya miaka 2 akitokwa damu puani aonwe na daktari, kwa kuwa katika umri huo ni jambo la nadra. Na damu ikitoka baada ya pigo kubwa la kichwa, ikiwa imechanganyika na majimaji mepesi yasiyo na rangi, usibane wala usizibe pua. Majimaji hayo yanaweza kuwa ya ubongo.

Ikishakata, kigaga kinahitaji kulindwa kwa saa 24 za kwanza: hakuna kupenga, kuchokonoa, kunyanyua mizigo, vinywaji vya moto wala pombe. Paka mafuta ya mgando kiasi cha punje ya mchele ndani ya tundu kwa ncha ya kidole safi, kisha bana mbawa kidogo yasambae. Na chafya ikija, piga mdomo ukiwa wazi.