Nafasi ya kila mtoto kwenye kreshi: inapimwa vipi?

Mama anayetaka kufungua kreshi nyumbani kwake, iwe Kadutu, iwe Panzi, huanza na swali moja: nyumba hii itapokea watoto wangapi? Wengi wetu hapa Bukavu tunajibu kwa macho. Tunaangalia sebule, tunakisia mikeka, tunasema ishirini watatosha. Katika nchi ambazo kreshi haifunguliwi bila kibali chenye vipimo, jibu linatoka sakafuni. Kila mtoto amewekewa kiasi cha chini cha mita za mraba, na kibali kinataja idadi ambayo mwenye kreshi haruhusiwi kuipita. Kiasi hicho ndicho nafasi ya kila mtoto.

Vipimo vinatofautiana. Australia inadai mita za mraba 3.25 ndani na 7 nje kwa kila mtoto. Jimbo la California, Marekani, linaandika futi za mraba 35 ndani na 75 nje, ambazo ni karibu sawa na zile za Australia. Uingereza inagawa kwa umri: mita za mraba 3.5 kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, 2.5 kwa wa miaka miwili, 2.3 kwa wa miaka mitatu hadi mitano. Afrika Kusini imeshuka hadi 1.5 ndani na 2 nje. Kinachoshangaza wengi ni kwamba mtoto mdogo kabisa ndiye anayepewa eneo kubwa. Lakini yeye anatambaa, anabadilishwa nepi, anahitaji mahali salama pa kulala, na mlezi wake anakaa naye chini sakafuni. Yule wa miaka minne anaweza kukaa kwenye kiti kidogo na wenzake wakizunguka meza moja.

Jambo linalokosewa zaidi ni nini cha kupima. Haipimwi nyumba nzima, wala sebule kutoka ukuta hadi ukuta. Inapimwa sakafu ambayo mtoto anaweza kuitumia kweli. Choo hakimo, korido haimo, stoo haimo, ofisi haimo, jiko halimo. California inakubali sakafu iliyo chini ya meza na viti vya watoto wenyewe, kwa kuwa ni vifaa vyao vya kuchezea na kujifunzia. Kabati la mwenye nyumba halina bahati hiyo.

Tuchukue sebule ya mita 6 kwa 5, yaani mita 30 za mraba. Mlango wa mbele unaelekezana na mlango wa kwenda vyumbani, kwa hiyo katikati kuna njia ya upana wa mita 1 inayopitwa siku nzima: toa 5. Kabati la vyombo na rundo la magodoro vinakula 2. Kona ya kupokelea wazazi na kuwekea madaftari, 2 nyingine. Zimebaki 21. Gawa kwa 3.25 ya Australia, unapata 6 na kitu, maana yake watoto 6, kwa sababu mtoto hagawanyiki. Kwa vipimo vya Uingereza ni watoto 8 wa miaka miwili, au 9 wa miaka mitatu kwenda juu. Kwa kile cha Afrika Kusini ni 14. Hata kipimo hiki kilicho chepesi kuliko vyote kinakataa wale ishirini tuliowakisia kwa macho. Ishirini wangepatikana tu kama hakuna anayepita, hakuna kabati, hakuna godoro.

Baraza la nyumba je? Sheria ya Australia ina kifungu ambacho kingetufaa sana: baraza linaweza kuhesabiwa kama nafasi ya ndani kwa ruhusa ya maandishi, ila likishahesabiwa ndani haliwezi kuhesabiwa tena nje. Kwa mji ambao mvua inaanza Septemba na kuendelea hadi Mei, baraza lenye paa zuri lina thamani kuliko kiwanja kinachogeuka tope.

Na viwanja vyetu ni vya mlimani. Parseli inaweza kuwa kubwa kwenye karatasi, lakini nusu yake ni mteremko, ngazi za mawe, mtaro wa maji na choo cha nje. Mahali pasipomfaa mtoto hapahesabiwi. Mita za kweli ni zile tambarare, zenye uzio upande wa bonde, mbali na mbabula na makaa yake. Uingereza, kwa upande wake, haikuweka idadi ya mita za nje. Inataka watoto wafikie uwanja, au watolewe nje kila siku, na kwa parseli nyembamba naona hilo ni jambo la busara.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu chumba kilichojaa kinamdhuru mtoto. Surua na kikohozi vinaenea upesi pale watoto wanapopumuliana usoni. Mlezi haoni anayekabwa na kitu kooni nyuma ya wenzake. Na watoto waliobanwa wanaumana na kusukumana, kisha tunawaita watundu. Najua kila mtoto wa ziada ni ada ya ziada, na ada hiyo inalisha nyumba. Bado nasema idadi ianzie sakafuni, hata pale ambapo hakuna mkaguzi atakayebisha hodi.

Nafasi peke yake haitoshi kutoa idadi. Uingereza inadai mlezi 1 kwa watoto 3 wasiotimiza miaka miwili, na 1 kwa 5 wa miaka miwili. Kati ya sakafu na walezi, idadi ndogo ndiyo inayotawala. Sebule yetu ya watoto 8 wa miaka miwili inataka walezi wawili. Akiwepo mmoja, watoto ni 5, hata kama mita zimebaki tupu.

Kwa nje kuna nafuu. Majimbo kadhaa ya Marekani yanahesabu watoto walioko uwanjani kwa wakati mmoja tu. Uwanja tambarare wa mita 28 za mraba, kwa kipimo cha 7, unabeba watoto 4. Wale 8 watatoka kwa zamu mbili, mlezi mmoja nje na wanne, mwenzake ndani na wanne.