Tairi Kukaa Bapa: Kinachotokea Gari la Spoti Linapolazwa Miezi Mingi

Tairi kukaa bapa ni hali ya sehemu ya tairi inayokanyaga chini kupoteza mviringo wake kwa sababu gari limesimama mahali pamoja muda mrefu. Kila tairi lenye mzigo hubonyea kidogo pale linapogusa ardhi, na hilo si kasoro. Kasoro huanza mpira na nyuzi za ndani zinapozoea umbo hilo, hivi kwamba siku gari linapoondolewa, usukani hutetema na mdundo husikika ukifuata mzunguko wa magurudumu.

Katika nchi kama Kanada na Ujerumani, wenye magari ya spoti wengi huyafungia majira yote ya baridi, kwa kuwa matairi yake ya kiangazi huwa magumu na hupoteza mshiko joto likishuka chini ya nyuzijoto 7 hivi za Selsiasi. Tanga haina theluji, lakini wapo wanaoliacha gari Raskazone au Chumbageni miezi kadhaa wakiwa safarini, na uzito unaobonyeza tairi ni uleule.

Gari la spoti huathirika zaidi kwa sababu matairi ya mwendo kasi huwekewa, chini ya kashata, yaani mpira wa nje wenye mifereji unaokanyaga barabara, utando wa nailoni unaozuia tairi lisitanuke. Nailoni hulegea ikipata moto na hukaza ikipoa. Kwa hiyo gari likitoka Segera kwa kasi na kuegeshwa papo hapo, nailoni hupoa ikiwa imebanwa na uzito na kulishika umbo hilo. Ubapa wa usiku mmoja kwa kawaida huisha tairi likipata moto tena baada ya kilomita kadhaa. Ule wa miezi mingi unaweza kubaki moja kwa moja, na kwenda kufanya balansi hakutausaidia, kwani balansi husawazisha uzito wa gurudumu, hairudishi mviringo.

Kinga ya kwanza ni upepo. Kabla ya kulilaza gari, matairi yaongezwe upepo kupita kiwango cha kila siku, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Hapa pwani jambo hili lina uzito wa pekee, maana chumvi hula rimu za aloi pale ukingo wa tairi unapokaa, na upepo huvuja taratibu bila mwenyewe kujua. Anayebaki nyumbani alisukume gari kila baada ya wiki mbili hivi, akiangalia vali, yaani kipenyo cha kujazia upepo: kama ilikuwa upande wa chini wa gurudumu, sasa iwe upande wa mbele au wa nyuma.

Kwa kulaza kunakozidi miezi mitatu, naona bora gari liinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara, katika sehemu alizoelekeza mtengenezaji. Hapo hakuna haja ya kuongeza upepo. Matairi yafunikwe yasipigwe na jua, yasipakwe dawa ya kung'arisha yenye mafuta, wala yasikae karibu na mashine ya kuchomelea, ambayo hutoa ozoni inayopasua mpira.

Siku ya kuliamsha gari, upepo urudishwe kwenye kiwango kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na ubavu wa kila tairi ukaguliwe kama una nyufa. Kilomita za mwanzo ziendeshwe polepole. Mtetemo ukiendelea hata matairi yakishapata moto, na fundi akathibitisha kuwa ubapa ndio chanzo, tairi hilo libadilishwe.