Uvimbe, homa na mwasho: maswali ya wenye watoto, mbwa na paka

Maswali haya huulizwa sana kwenye maduka ya dawa na kwa madaktari wa mifugo, kuanzia Kampala na Jinja hadi Busia. Nimeyaweka pamoja makusudi, kwa sababu kinga inayomvimbisha mtoto kidole hufanya kazi karibu vilevile inapomvimbisha mbwa sikio. Zisizofanana ni dawa, na hapo ndipo watu wanapopoteza wanyama wao.

Nilichomwa na mwiba shambani. Kesho yake kidole kimevimba, kina moto na kinauma. Kimeoza?

Si lazima. Ngozi ikitoboka tu, chembe za kinga zilizo karibu humwaga kemikali, mojawapo ikiwa histamini. Kemikali hizo hupanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivuje. Damu ikijaa mahali pale, panakuwa na joto na wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, kwa hiyo tafuta mahali palipong'aa au kuwa peusi zaidi, kisha pashike uone kama pana moto. Maji yanayovuja ndiyo uvimbe wenyewe. Baadaye zinafika chembe nyeupe za damu na kuanza kula vijidudu, na zile zinazofia kazini ndizo sehemu kubwa ya usaha.

Ni kama yowe la usiku kijijini: majirani wanatoka na marungu, mwizi anakamatwa, lakini asubuhi unakuta shamba la mihogo limekanyagwa. Madhara kidogo ni sehemu ya kazi.

Nenda kituo cha afya kama uvimbe unazidi kupanda baada ya siku mbili tatu, kama kuna mstari unaoelekea kwapani, au kama homa imeanza. Na kwa mwiba au msumari wowote, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda hata kama hakuna uvimbe.

Kama kuvimba ni kinga, mbona tunaambiwa ni hatari?

Hatari inakuja pale kinga inapokosa kuacha. Kwenye pumu, njia za hewa hubaki zimevimba, na moshi wa mkaa ndani ya chumba kimoja huzichokoza kila jioni. Kwenye ugonjwa wa baridi yabisi, kinga hushambulia viungo vya mwili wake yenyewe. Fizi zinazotoka damu kila unapopiga mswaki zimevimba pia, ingawa watu wengi hawazihesabu kama ugonjwa. Hata mishipa ya moyo huziba kwa njia hii: mafuta yanaingia kwenye ukuta wa mshipa, chembe za kinga zinayafuata, na panabaki uvimbe wa miaka mingi usiouma hata kidogo.

Mbwa mzee anayeamka kwa shida asubuhi naye mara nyingi ana viungo vilivyovimba. Watu husema "amezeeka tu." Amezeeka, ndiyo, lakini pia anaumwa, na maumivu hayo yana tiba.

Mbwa wangu anajikuna mpaka manyoya yanatoka. Jirani ameniambia nimpake oili chafu ya gari.

Usimpake. Mbwa hujilamba, na oili hiyo ni sumu tumboni, tena huunguza ngozi ambayo tayari ina vidonda.

Sababu ya kawaida ya mwasho ni viroboto. Kwa mbwa mwenye mzio, shida ni mate ya kiroboto: kinga inayapokea kama adui mkubwa, na kuumwa mara chache kunatosha kumwasha kwa siku kadhaa. Angalia mgongoni karibu na mkia, ndipo hujikuna zaidi. Kumwogesha peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai na viluwiluwi wa kiroboto wako kwenye gunia analolalia na kwenye vumbi la banda. Choma gunia, fagia banda, na mpe dawa ya viroboto ya mbwa kwa kipimo cha uzito wake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, ikichanganywa kwa kukadiria macho, imeshaua mbwa wengi.

Kama masikio na viwiko vimekuwa na magamba, na watoto wa nyumbani nao wameanza kujikuna, huenda ni upele. Utitiri wa upele wa mbwa humwasha mtu pia, ingawa hauzaliani kwenye ngozi yake. Mtibu mbwa, na mwasho wa watoto kwa kawaida utaisha.

Mbwa ana joto sana nikimshika. Nimpe nusu ya kidonge changu cha homa?

Kwanza, joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2, na la paka ni karibu hapohapo. Kwako wewe 39 ni homa. Kwake ni siku ya kawaida. Pua kavu au masikio ya moto si kipimo, tumia kipimajoto.

Pili, usimpe. Paka hana uwezo wa kuivunja parasetamoli kama sisi. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua: damu yake inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya kahawia au bluu, uso unavimba. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo. Dawa hizi hupunguza uvimbe kwa kuzuia kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, lakini prostaglandini hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na damu ya figo. Daktari wa mifugo anazo dawa za uvimbe za wanyama. Na mbwa mwenye homa, asiyekula, mwenye kupe, anahitaji kupimwa damu, maana kupe huleta magonjwa ambayo dawa ya maumivu haiyagusi.

Kule Busoga funza wanawashika watu na mbwa pia?

Ndiyo, na nguruwe zaidi. Funza jike huingia kwenye ngozi ya mguu, anavimba kwa mayai, kisha anafia humohumo baada ya wiki kadhaa. Maumivu na usaha ni kinga ikipigana naye na bakteria alioingia nao. Kumtoa kwa pini moja inayopita mguu hadi mguu ni kueneza maradhi mengine. Mafuta ya dimetikoni humuua kwa kumziba pumzi, bila kuchimba nyama. Ila ukitibu watoto ukaacha mbwa na nguruwe wanaolala uani kwenye vumbi, mwezi ujao unaanza upya.

Ni kweli watoto wenye minyoo hawapati mzio?

Swali hili limechunguzwa hapahapa Uganda. Minyoo hutuliza kinga ya mtu aliyeibeba ili isiuawe, kwa hiyo wazo lenyewe lina msingi. Watafiti wa Entebbe waliandikisha wajawazito zaidi ya 2,500 kati ya 2003 na 2005. Watoto wa waliopewa albendazoli, ambayo ni dawa ya minyoo, walipata ukurutu zaidi kuliko wa wale ambao hawakupewa. Lakini baadaye, kwenye visiwa vya Koome ndani ya Ziwa Victoria, kutoa dawa ya minyoo mara nyingi zaidi hakukuongeza mzio.

Maoni yangu: usiache minyoo tumboni kwa kuogopa ukurutu. Safura inanyonya damu. Kichocho ni kibaya zaidi, kwa sababu mayai yake yakikwama kwenye ini kinga huyazingira, na makovu yanayobaki huziba njia ya damu mpaka tumbo linajaa maji.

Krimu ya dukani ilimaliza mwasho kwa siku mbili. Niendelee?

Krimu inayofanya haraka hivyo mara nyingi ina steroidi kali. Inanyamazisha kinga na kuacha chanzo kikiendelea. Kama chanzo ni fangasi, wanasambaa kwa raha. Ikitumiwa miezi mingi, ngozi hukonda. Vidonge vya prednisoloni au deksamethasoni ni hatari zaidi, na mtu aliyevitumia muda mrefu asiviache ghafla bila daktari.

Mbwa ameniuma, lakini kidonda hakikuvimba na kimepona. Niko salama?

Hapa kutovimba kusikudanganye. Kirusi cha kichaa cha mbwa hupita kwenye neva kimyakimya, bila kuiamsha kinga vya kutosha, na dalili huja kwa kawaida baada ya miezi miwili mitatu. Zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukachomwe chanjo siku hiyohiyo. Kama mbwa anaonekana mzima, msimuue kwa hasira: mfungeni, mumpe chakula na maji, na mumwangalie kwa siku 10. Akiugua au akifa ndani ya siku hizo, mwambieni daktari wa mifugo na yule anayekuchoma sindano.