Udongo hauchuji kila kitu

Wengi huamini kwamba maji machafu yakishapita ardhini hutoka safi, kwa kuwa udongo ni chujio. Kwa matope na vijidudu vingi kuna ukweli. Kwa vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji mambo ni tofauti kabisa, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi ya umeme, kwa hiyo hushika vitu vyenye chaji chanya: potasiamu, kalsiamu, amoniamu. Nitrati, yaani aina ya naitrojeni inayotokana na mbolea, nayo ina chaji hasi, basi haipati pa kushikwa. Mvua kubwa ikinyesha baada ya shamba kutiwa mbolea, nitrati hushuka na maji, ikaipita mizizi na kufika kwenye maji ya kisima. Haina rangi wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua kwa mvuke, inayobaki huwa imekolea zaidi! Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kuwakinga watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa.

Madini ya risasi, kinyume chake, hung'ang'ania udongo wa juu kwa miongo mingi. Lakini kushikwa si kuondolewa. Asidi ikizidi udongoni, metali kama kadimiamu na zinki huachiliwa, na mizizi huzifyonza. Kwa hiyo mahali palipowahi kumwagwa taka za betri, udongo upimwe kwanza metali na asidi, kabla ya kupandwa mboga yoyote.