Ngiri, mshipa au kitu kingine? Maana ya maumivu ya korodani na kibofu kwa mwanaume

Mwanaume anayeumwa korodani kwa kawaida hasemi. Akisema, atasema ana ngiri, au "mshipa umemshika", na rafiki atamwelekeza kwa muuza mizizi. Hospitalini ngiri ni kitu kimoja tu: utumbo au mafuta ya tumboni kupenya penye udhaifu wa ukuta wa tumbo, mara nyingi kinenani, na wakati mwingine kushuka hadi kwenye pumbu. Mtaani neno hilo limebebeshwa kila kitu: tumbo kunguruma, kiuno kuuma, mkojo kuchoma, korodani kuvuta, hata nguvu za kiume kupungua. Ndani ya neno hilo moja kuna maradhi yanayoweza kungoja wiki kadhaa, na kuna moja lisilongoja hata kupambazuke.

Tuanze na hilo lisilongoja. Korodani inaning'inia kwenye kamba iliyobeba mishipa ya damu, mishipa ya fahamu na mrija wa mbegu. Kwa baadhi ya wavulana korodani haikushikizwa vizuri ndani ya mfuko wake, inabembea kama ulimi wa kengele. Siku moja inajizungusha, kamba inajisokota na damu inakatika. Humpata zaidi kijana aliye katika balehe, ingawa mtoto mchanga na mtu mzima hawajasalimika, na mara nyingi huanza usingizini.

Chukua mvulana wa miaka 14. Saa 8 usiku anashtuka, maumivu makali upande mmoja, anatapika. Mama akimuuliza, kwa aibu anajibu, "Tumbo linaniuma, mama." Anapewa panado, anaambiwa asubuhi wataona. Lakini korodani iliyokatiwa damu huokolewa kwa uhakika zaidi ndani ya saa 6 hivi, na saa 2 asubuhi saa hizo zimeshakwisha. Baada ya saa 24 mara nyingi hakuna kilichobaki ila kuitoa. Kwa hiyo kijana wa kiume akilalamika tumbo la chini ghafla na kutapika, aulizwe wazi kuhusu korodani, na zitazamwe. Iliyojisokota mara nyingi hupanda juu na kulala mshazari. Hapo si pa kuchua wala kukanda maji ya moto. Ni hospitali yenye chumba cha upasuaji, usiku huohuo. Daktari ataifungua kamba na kuzishikiza korodani zote mbili, kwa kuwa kasoro hiyo mara nyingi iko pande zote.

Maumivu yanayopanda taratibu, siku mbili tatu, pamoja na uvimbe, homa na mkojo kuchoma, kwa kawaida ni maambukizi ya kijirija kilichojikunja nyuma ya korodani, kinachotunza mbegu. Kwa mwanaume chini ya miaka 35 wasababishi wakubwa ni klamidia na kisonono, na mwenza naye lazima atibiwe, la sivyo ugonjwa utarudi kwa mlango uleule. Kwa mtu mzima zaidi, mara nyingi ni bakteria wa njia ya mkojo, hasa kama tezi dume imekua na kibofu hakimwagi mkojo wote.

Wengi huuliza, korodani na kibofu vinahusianaje? Sehemu hizo hutumia njia za fahamu zinazoingiliana, kwa hiyo ubongo hukosea kujua kilio kimetoka wapi. Tena korodani huumbika juu, karibu na figo, mtoto akiwa tumboni, kisha hushuka na mishipa yake. Ndiyo maana jiwe la figo linaposhuka humfanya mtu ashike korodani isiyo na kasoro yoyote.

Kwa sisi wa pwani, visiwani na mikoa yenye mabwawa na majaruba, kibofu kikiuma lazima kichocho kitajwe. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yake yenye mwiba hutoboa ukuta kutafuta njia ya kutoka. Dalili inayojulikana ni damu mwishoni mwa mkojo. Sampuli nzuri ni ile ya kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kuwa hapo ndipo mayai hutoka kwa wingi. Tiba ni vidonge vya prazikwanteli. Kichocho kikiachwa miaka mingi hukifanya kibofu kigumu, na huweza kuleta saratani.

Busha ni jambo jingine. Ni maji kujaa kwenye mfuko unaozunguka korodani. Pwani yetu chanzo kikubwa kimekuwa minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Wapo wanaosema busha huletwa na madafu. Madafu hayahusiki kabisa, jamani, kunyweni. Busha kwa kawaida huwa zito kuliko kuuma, na huondolewa kwa upasuaji. Saratani ya korodani nayo mara nyingi huanza kama kivimbe kigumu kisichouma, kwa hiyo kutouma kusikutulize. Zipapase ukioga, ujue umbo lako la kawaida.

Kuna kundi linalonisikitisha kuliko yote: wanaume wanaoambiwa wana "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyokwisha. Anaumwa kinena, korodani, juu ya kibofu, au pale kati ya pumbu na njia ya haja kubwa. Akimaliza tendo la ndoa maumivu yanazidi. Anaenda kukojoa kila saa. Ameshameza sipro, dawa ya kuua bakteria, dozi nne, kila duka la dawa na ushauri wake. Ikiwa hali hii imemshika kwa miezi mitatu au zaidi na vipimo havioni mdudu, hospitalini huitwa maumivu sugu ya nyonga, na tezi dume hutajwa humo. Kwa wengi wao hakuna bakteria wa kuua. Mara nyingi misuli ya sakafu ya nyonga imekaza, mishipa ya fahamu imekuwa nyepesi kuhisi, na hofu inakoleza yote. Hutulizwa kwa mazoezi ya kulegeza misuli hiyo chini ya mtaalamu wa viungo, dawa za kulegeza shingo ya kibofu, na kutibu wasiwasi wenyewe. Hajisingizii, maumivu yake ni ya kweli. Aombe kuonana na daktari wa mfumo wa mkojo, amweleze ameumwa miezi mingapi, wapi hasa, nini kinachozidisha, na ampelekee maboksi ya dawa zote alizokwisha kumeza.