UNESCO haina uwezo wa kubomoa ghorofa

Wakazi wa mitaa ya kale wanapopinga jengo refu, wengi hujipa moyo kwamba UNESCO italizuia. Haiwezi. Kibali cha ujenzi hutolewa na mamlaka za nchi yenyewe, na adhabu kubwa ya UNESCO ni kuufuta mji kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia. Dresden, Ujerumani, ilifutwa mwaka 2009 kwa sababu ya daraja, na daraja likajengwa vilevile. Liverpool ikafuata mwaka 2021 kutokana na miradi ya bandarini, ukiwemo uwanja wa mpira. Nao ukajengwa.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha hiyo mwaka 2000, lakini mamlaka ya kuuhifadhi ilikwishaundwa na serikali tangu 1985. Huko ndiko pingamizi linakopaswa kufika, tena mapema, kabla msingi haujachimbwa.

Na hapa si suala la mandhari pekee. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi zimebanana ukuta kwa ukuta. Shimo refu likichimbwa jirani, udongo husogea na kuta huanza kupata nyufa. Kwa hiyo bibi anayelalamikia jengo jipya ubavuni mwake anaitetea nyumba yake isimwangukie, na ninaona ni dhuluma kumwita adui wa maendeleo.